Programu Iliyotakiwa Kuleta Mdhamini

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Siogopi kelele, naogopa masikio. Hii ninayowasimulia haikutokea zamani na wala haikutokea hapa. Ilitokea katika nchi moja ambayo jina lake nilikuwa nalo mdomoni sasa hivi, likaniponyoka, na sitahangaika kulitafuta. Mkiona mtu humu ndani anafanana na mtu mnayemjua, basi si yeye. Wa kwangu ni mnene zaidi.

Kwanza kitendawili. Semeni "tega."

Nina mtumishi: halali, hali, haombi ruhusa ya kwenda msibani. Aje mmoja au waje elfu, kila mtu humpa karatasi aliyoiomba, na karatasi haipungui. Nani huyo?

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimeupokea, nimekaa barazani kwake, pilau nimeila. Jibu lake ni seva. Seva ni programu inayowekwa ndani ya kompyuta. Mtu aliye mbali akiomba ukurasa kwa simu yake, yenyewe inampelekea. Kazi yake ndiyo hiyo tu. Mimi niliyeishia darasa la saba nimeielewa. Sasa mtaona wenye shahada ilivyowatoa jasho.

Na mmejionea wenyewe: kwetu anayeshindwa kitendawili hutoa mji, lakini mji wenyewe ni wa mdomoni, jioni kila mtu hurudi kwake. Katika nchi ile wakubwa walikuwa wakitoa miji ya kweli.

*

Nchi ile ilikuwa na ubao mmoja wa matangazo. Nimesema mmoja. Ulikuwa mji mkuu, nje ya Idara ya Matangazo, mrefu kama ukuta wa shule, umezungushiwa wavu wa chuma ili matangazo yasiguswe na wananchi. Kila jambo la serikali lilitundikwa pale, na likikaa siku thelathini bila mtu kulipinga linakuwa sheria.

Kupinga kuliruhusiwa. Serikali ile ilijivunia sana kwamba kupinga kunaruhusiwa. Masharti yalikuwa mepesi: uwe umelisoma tangazo wewe mwenyewe, kwa macho yako. Ukilisikia kwa mtu, huo ni uvumi, na uvumi ulikuwa miezi sita jela. Na wa mikoani waliotaka kuja kusoma walihitaji kibali cha kusafiri, ambacho kilichukua siku arobaini kutoka, na kilikuwa halali kwa siku thelathini tangu siku ulipokiomba. Waliopiga hesabu wakaenda kuuliza walijibiwa kwa upole kwamba hesabu ni kazi ya Hazina.

Sasa ndani ya Idara hiyo alikuwamo fundi wa kompyuta, binti aitwaye Sikudhani. Kompyuta ya Idara ilikuwa moja nayo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Sikudhani alizaliwa Bungujuu, mbali huko, mwendo wa siku tano. Serikali ndiyo iliyomchukua akiwa mwanafunzi ikamleta mjini kusoma, kisha ikasahau kumrudisha.

Jumatatu moja anapita mbele ya ubao, akaona karatasi mpya. Gundi haijakauka. Imeandikwa hivi:

*Serikali imejiridhisha kwamba mahali paitwapo Bungujuu hapana watu. Kwa hiyo mahali hapo amekabidhiwa Mheshimiwa Waziri wa Mapumziko, apumzike. Mwenye pingamizi alilete ndani ya siku thelathini.*

Akasoma tena. Hapana watu. Bungujuu kulikuwa na nyumba arobaini, msikiti, shule ya madarasa matatu, na baba yake mzazi, Mzee Mkadam, ambaye asubuhi ileile alikuwa amemtumia salamu kwamba mbuzi kazaa mapacha.

Akapiga simu. Simu za nchi ile, wajukuu zangu, zilikuwa na mtu wa tatu. Hukumwona, ila ulimsikia akitafuna karanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imesinyaa hivyo?"

"Mafua tu. Baba, kitendawili."

Mzee akashtuka kidogo, maana ilikuwa saa nne asubuhi na huo si wakati wa vitendawili. "Tega."

"Nyumba arobaini, kila kukicha zinatoa moshi, na aliyeandika anasema hapo hapana mtu."

Yule wa tatu akaacha kutafuna.

"Hicho kigumu, mwanangu. Nakupa mji."

"Usitoe mji, baba! Usithubutu! Mji ndio wanaoutaka."

Mzee Mkadam akasema polepole, "Nimekusikia. Jibu litapatikana?"

"Nipe siku ishirini na tisa."

"Mungu akuongoze."

"Samahani," akasema yule wa tatu, "jibu lenyewe ni nini?"

Wakakata simu wote wawili.

*

Sikudhani alifikiri hivi: wa Bungujuu hawawezi kuja kwenye ubao, basi ubao uwafuate wao. Akifunga programu ya seva katika ile kompyuta, matangazo yote yatasomeka kwenye simu. Atakayesoma atakuwa amesoma kwa macho yake, hakuna wa kumwambia ni uvumi, na pingamizi atalituma papo hapo. Kazi ya kufunga programu yenyewe ni ya asubuhi moja. Akaandika mpango wa mistari mitano, ukurasa mmoja, akaupeleka juu.

Huko juu wakaunda kamati.

Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Mwinyikondo, mtu aliyeongoza kamati thelathini na moja, na mpaka ile siku hakuna hata moja iliyokuwa imemaliza kazi, jambo ambalo lilitajwa katika wasifu wake kama uthabiti. Siku ya sita tangu tangazo litundikwe, kamati ilikaa. Maua ya plastiki mezani, chupa ya maji kwa kila mjumbe. Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo cha koti, kikakataa, akakiacha.

"Ndugu wajumbe! Dunia inakwenda kasi. Sisi kama taifa hatuwezi kukubali kuachwa nyuma. Lakini vilevile hatuwezi kukubali kwenda na dunia pasipo dunia kutueleza inakwenda wapi. Kwa hiyo tutaiandikia dunia barua. Wakati tunasubiri majibu, tumsikilize binti."

Sikudhani akasoma mistari yake mitano. Wajumbe wakapiga makofi. Kisha akainuka mtu mmoja mwembamba aliyekaa karibu na mlango, hakuwa na chupa ya maji kwa sababu hakuamini maji aliyofunguliwa na mtu mwingine. Huyo ni Afisa Songoro, wa Ofisi ya Kuwaangalia Wanaoangalia.

"Binti, hiyo programu inauzwa na nani?"

"Haiuzwi, afande. Ni ya bure."

Mjumbe mmoja akafunika chupa yake.

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Aliyeitengeneza ni nani?"

"Ni watu wengi, wa nchi nyingi. Wanajitolea."

"Wanakutania wapi?"

"Hawakutani, afande. Wengine hawajawahi hata kuonana."

"Hawajuani, hawaonani, hawalipwi, na wote wanafanya jambo moja." Songoro aliandika kila neno. "Kwetu hilo lina jina."

"Lakini afande, hakuna kilichofichwa. Maandishi yake ya ndani yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma."

"Hilo ndilo baya zaidi," akasema Songoro. "Anayeficha kitu tunamjua, tunatafuta alichokificha. Huyu asiyeficha chochote tutamtafutia nini?"

Ukumbi mzima ukatikisa kichwa. Ndipo ikaulizwa: hii programu, kisheria, ni nani? Maana sheria ya nchi ile ilitambua aina mbili tu za viumbe wanaoweza kuingia katika ofisi ya serikali na kukaa: mgeni na mtumishi. Mgeni huondoka saa tisa na nusu. Programu haiondoki. Basi ni mtumishi, na ifuate taratibu za mtumishi mpya: barua ya utambulisho kutoka kwa mjumbe wa nyumba kumi, picha mbili za pasipoti, usaili, na mdhamini.

Msicheke. Ninyi mmeshaombwa barua ya mjumbe kwa mambo ya ajabu kuliko hayo.

*

Sikudhani hakubishana. Siku zilikuwa zinakwenda. Alikuwa akizihesabu kwa kalamu kwenye kiganja, na kila asubuhi akinawa anaziandika upya.

Mjumbe wa nyumba kumi alimpokea vizuri, akavuta kiti, akatoa mhuri. "Anakaa nyumba namba ngapi?"

"Atakaa ofisini kwetu."

"Ana mke?"

"Hana."

"Mlevi?"

"Hanywi chochote."

"Wapo wachache siku hizi," akasema mjumbe, akaandika: *Mleta barua hii ni mkazi wangu, namfahamu vema, hana ugomvi na majirani.* Akapiga mhuri mara tatu, maana wino ulikuwa hafifu.

Mpiga picha akapiga picha ya kompyuta, kwa sababu programu yenyewe haikuwa na sura. Picha ya kwanza ilirudishwa na kamati kwa kuwa masikio hayaonekani. Ya pili ikapita.

Usaili ukafanyika siku ya kumi na tatu. Kompyuta iliwekwa kwenye kiti mbele ya meza ya wajumbe, wakaivua kile kitambaa cha kufuma kwa heshima.

"Jitambulishe," akasema Mwenyekiti.

Kimya.

"Usiogope. Hapa tuko kama familia."

Kimya zaidi.

Sikudhani akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, programu bado haimo humo ndani. Tukishaisakinisha ndiyo itakuwamo."

"Unataka tuisakinishe kabla haijahojiwa?"

"Sasa itahojiwaje kabla haijasakinishwa?"

"Binti, kujibu swali kwa swali ni kazi ya Afisa Songoro. Mwachie."

Wakaendelea kuhoji mpaka saa saba. Waliuliza inajiona wapi baada ya miaka mitano. Waliuliza kama ina ndugu katika jeshi la nchi jirani. Mwishoni kila mjumbe akajaza fomu, na matokeo nitawasomea kama yalivyo: *Ufahamu wa kazi: wastani. Kujieleza: hafifu. Nidhamu: ya hali ya juu mno, haikumkatiza Mwenyekiti hata mara moja.* Ikafaulu, tena kwa alama zilizompita mpwa wa Mwenyekiti aliyekuwa amefanya usaili wa nafasi ileile mwaka uliotangulia.

Ikabaki mdhamini. Fomu ya udhamini ilikuwa fupi. Mdhamini anaapa kwamba programu ikisema neno baya, amelisema yeye. Na mdhamini hatatoka nje ya mji mkuu, kwa harusi wala kwa msiba, mpaka programu iwe imesakinishwa na kuthibitishwa. Wajumbe walizungushiana ile fomu kama sahani ya moto. Ikafika kwa Sikudhani.

"Unajua unachotia saini?" Songoro akamuuliza kwa sauti ya chini, karibu kama mtu mwenye huruma.

"Kusakinisha ni asubuhi moja, afande."

Akatia saini. Kiganjani ilikuwa siku ya kumi na saba.

*

Ilikuwa siku ya kumi na tisa ambapo mambo yaliharibika, na yaliharibika kwa sababu yalianza kwenda vizuri.

Songoro alikuwa akiuliza maswali yake ya mwisho. "Mtu akiomba ukurasa, programu inafanya nini?"

"Inampelekea."

"Kisha?"

"Kisha inaandika kumbukumbu, afande. Ombi limetoka kwenye simu gani, saa ngapi, na ukurasa gani ulitakiwa."

Songoro akaweka kalamu chini. Miaka yote ile wajumbe hawakuwahi kuona ameweka kalamu chini.

"Kama kitabu cha wageni pale getini?"

"Kama hicho."

"Ila getini mgeni anashika kalamu mwenyewe. Huku anajua kwamba anaandikwa?"

"Wengi hawajui."

Songoro akatabasamu. Kumbe alikuwa na mwanya. "Binti! Siku zote hizi unatuchosha na habari za kurasa! Mbona hukuanzia hapo?"

Kuanzia dakika ile hakuna mradi uliopendwa nchini kama mradi ule. Mwenyekiti alihutubia kwa saa mbili kuhusu uwazi. Mpango wa ukurasa mmoja ukaanza kunenepa: sura ya kwanza, Historia ya Taifa, sura ya pili, Wasifu wa Mwenyekiti, sura ya tatu, Barua Iliyoandikiwa Dunia. Viambatisho vikafuata, na picha, na matokeo ya usaili. Ikafika kurasa mia mbili na kumi na nne. Na katika ukurasa wa mia na tisini, kwa herufi ndogo, kilikuwapo kiini chake: seva ifungwe, kitabu chake cha wageni kiwashwe, lakini kurasa za matangazo zisiwekwe. Atakayeomba tangazo lolote apelekewe maneno mawili tu: *Asante, tumekuona.*

"Na watakaoandikwa katika kitabu hicho?" mjumbe mmoja akauliza.

"Kulitafuta tangazo ambalo hujalisoma," akaeleza Songoro, "maana yake kuna mtu amekwambia lipo. Huo ni uvumi. Tutawafuata tukiwa na anwani zao mkononi."

Sikudhani akapiga hesabu. Nani watakuwa wa kwanza kuulizia tangazo la Bungujuu? Ni wa Bungujuu wenyewe. Nyumba arobaini, miezi sita kila mmoja. Na wakishafungwa wote, lile tangazo litakuwa limesema kweli.

Kufunga kukapangwa kufanyike asubuhi ya siku ya ishirini na tisa. Naye mdhamini ndiye atakayebonyeza, kwa vidole vyake.

*

Chini ya ubao, kwenye kiti cha kukunja, alikaa Bi Chausiku, Mtundikaji Mkuu wa Matangazo. Miaka thelathini na minane alikuwa akitundika, na bakuli lake la pini mapajani kama mtu anayechambua mchele. Siku ya ishirini na saba Sikudhani alikwenda akachuchumaa kando yake.

"Nimewategea watu wangu mtego, Bi Chausiku. Nilidhani nawachimbia kisima."

"Punguza sauti. Ule wavu una masikio." Bi Chausiku akatia pini mdomoni, akaitoa. "Mpango wenu nimeusikia. Umepita hapa lini? Mbona sijautundika?"

"Upite hapo? Keshokutwa nafunga programu."

"Mwanangu, umesoma mpaka umesahau uko nchi gani. Mpango wa serikali ni tangazo kama matangazo mengine. Unatundikwa siku thelathini kwa maoni ya wananchi, ndipo ufanyiwe kazi. Mwenyekiti wako alipotaka kubadilisha pazia la ofisi yake, alitundika hapa. Kurasa ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne."

Bi Chausiku akageuka akauangalia ubao, kutoka kona hii hadi kona ile, kwa jicho la fundi. "Nafasi ninazo mia mbili na kumi na tano."

Wakatazamana.

"Itabidi nifunike yaliyopo," akasema bibi yule.

"Na lililofunikwa?"

"Lililofunikwa halisomeki. Kanuni ya kumi na mbili: tangazo lisilosomeka halihesabiwi siku. Siku likifunuliwa, linaanza moja."

Sikudhani akamshika mkono. "Linaanza moja! Hiyo kanuni ipo, kweli? Mbona hakuna anayeijua?"

"Mwanangu, miaka thelathini na minane watu wanasimama mbele yangu. Wanachoniuliza ni choo kiko wapi."

Asubuhi iliyofuata Sikudhani aliingia kwenye kamati, akasema kwa unyonge kwamba anaogopa mpango usije ukaonekana si halali, kwa kuwa haujapita ubaoni. Mwenyekiti akageuka rangi. Kurasa mia mbili na kumi na nne, na wasifu wake ndani, halafu wananchi wasiuone? Akaamuru utundikwe kesho yake, na utepe uletwe, na bendi.

Siku ya ishirini na tisa, badala ya kufunga programu, wakakata utepe. Bi Chausiku alitundika kuanzia saa mbili hadi adhuhuri, karatasi kwa karatasi, hana haraka, bendi ikipiga. Alipofika kwenye ukurasa wa mia na thelathini na moja, wenye picha ya kompyuta, akaupima hewani, akaushusha juu ya Bungujuu, akaukandamiza kwa pini nne. Kurasa nyingine zilipata mbili mbili.

Siku ya thelathini alikuja mtu wa Waziri wa Mapumziko, na gari lenye viti vya bustani juu, kuchukua tangazo lake lililoiva.

"Liko wapi?"

"Liko chini ya huyo mtumishi mpya," akasema Bi Chausiku. "Subirini maoni yaishe."

"Yataisha lini?"

"Siku thelathini. Mradi asitokee mtu mwenye wasiwasi, maana kila wasiwasi unaongeza ukurasa, na kila ukurasa ukiongezwa tunaanza upya."

*

Thelathini zikapita. Wananchi hawakutoa maoni, kwa sababu ili utoe maoni ulijiandikisha kwanza kwa Afisa Songoro. Kamati ikakaa kuhitimisha. Ilikuwa joto, wajumbe wamechoka, maua ya plastiki yamepauka. Hata Songoro alikuwa amekunja jalada lake na kulifunga kamba. Alikuwa ameitafuta hila ya programu ile mpaka akakata tamaa, na kukata tamaa kulimfanya aonekane mzee.

"Basi," akasema Mwenyekiti, na sauti yake ilitetemeka kidogo, maana hajawahi kumaliza kitu maishani. "Kama hakuna mwenye neno, mpango umekamilika. Binti atafunga programu kesho asubuhi, udhamini wake utakwisha, aende kwao akapumzike. Kuna mwenye neno?"

Mjumbe mmoja alikuwa ameshavaa kofia.

Sikudhani aliangalia zile kurasa mezani. Tangu miaka miwili kabla ya tangazo lile alikuwa akiomba afunge seva katika nchi ile. Aliiota, aliichora pembezoni mwa madaftari. Ilikuwa imefika. Na nauli ya siku tano ilikuwa kwenye mkoba wake, ameifunga kwenye leso.

Akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nina wasiwasi."

Mwenye kofia akaivua.

"Nimeichunguza programu hii kwa miezi," akasema Sikudhani. "Nimeisoma mstari kwa mstari. Sijaona kosa hata moja. Nami najiuliza, kitu kisicho na kosa kinatafuta nini katika nchi yetu?"

Ukasikika mlio mdogo: Afisa Songoro alikuwa akifungua kamba ya jalada lake. Alimtazama Sikudhani kama mtu aliyempata mwanawe aliyepotea.

"Endelea, binti," akasema. "Endelea."

Wakaongeza ukurasa mmoja.

*

Sasa ni mwaka wa tisa. Sikudhani ni Katibu wa kamati, amepewa nishani ya Umakini, daraja la pili. Mpango una kurasa elfu moja na mia sita, na ubao umeongezwa ukuta wa pili. Wanaotazama kwa mbali husema yule mwanamke ndiye adui mkubwa wa maendeleo katika nchi ile. Vijana wa kompyuta wakimwona njiani huvuka upande wa pili. Hajibu. Kila baada ya siku thelathini, anaposikia Mwenyekiti ameanza kusema "kama hakuna mwenye neno," anasimama na neno lake. Hajaugua hata siku moja, maana siku atakayolala kitandani ndiyo watakayomaliza. Na kwa kuwa yeye ndiye mdhamini, na programu haijasakinishwa, hajavuka daraja la mji mkuu tangu siku ile aliyotia saini.

Idi iliyopita alipiga simu nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumevuna mihogo mpaka tumekosa pa kuianika. Shule imeongezwa darasa la nne. Dada yako kaozesha, wamecheza siku tatu. Kila mtu anakuuliza."

"Nisalimie wote. Macho yako je?"

"Yanaona bado. Kidogo." Mzee Mkadam akakohoa. "Wewe utakuja lini? Nikuone na mimi, kabla haya macho hayajafunga duka."

"Kikao kikiisha, baba. Kikiisha tu, siku ileile napanda gari."

Mzee akafikiri. Kwa mbali, nyuma yake, Sikudhani alisikia kinu kinatwangwa na mtu anamfukuza mbuzi.

"Basi usije, mwanangu," akasema. "Kaa hapo hapo. Sisi tupo."